Naenda Sheffield mwezi wa tisa, nifundisheni msosi wa nyumbani wa Waingereza nianze mazoezi hapahapa Mwanza (bajeti ni ya geto)

Mkolani_Kwetu

Wakuu habari za jioni. Mi ni kijana wa hapa Mwanza, digrii ya kwanza nimemaliza na Mungu kanifungulia mlango, nimepata nafasi ya masters Sheffield kuanzia mwezi wa tisa. Ada inalipwa na wafadhili, hela ya kujikimu ipo ila ni ile ya kuhesabu, sio ya kula hotelini. Sasa shida yangu ni moja tu na naomba msinicheke, kupika sijui. Geto la Mkolani tunaishi watatu, mwenzetu mmoja ndo mpishi, mi kazi yangu kuosha vyombo na kufuata mkaa, nikijitahidi sana nakaanga mayai na yenyewe yanashika chini.

Jamaa mmoja aliyewahi kusoma huko kaniambia kitu kikanikaa kichwani, kwamba ukienda na akili ya kutafuta unga wa dona na samaki wa kwetu kila siku hela itakata kabla ya Krismasi, bora ujue wanachopika wao majumbani kwa sababu ndo vitu vya bei chee kule, viazi, karoti, vitunguu, maziwa, mkate, maharage ya kopo. Nikaona sawa, ila kwanini nikajifunzie ugenini kwenye baridi wakati viazi mviringo hata hapa Buhongwa vipo.

Vifaa nilivyonavyo: jiko la mkaa, mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa kimoja, sufuria tatu (moja haina mfuniko), kikaango kimoja kimeshachakaa. Oveni hatuna. Friji ni ya mama mwenye nyumba na imejaa barafu zake za biashara. Bajeti ni buku tano kwa watu watatu, siku ya bumu labda tunafika buku nane.

Nataka msosi wa kweli wa mtu wa kawaida kule, sio ule wa kwenye menyu ya hoteli. Na je ni kweli chumvi hawatii?

Jiwe_Juu_Ya_Jiwe

Chemsha kiazi, usiweke chumvi, usiweke pilipili, kaa mezani kimya uangalie mvua dirishani. Umeshapika Kiingereza hicho mkuu. Next.

DadaWaNyegezi

Muacheni kijana wa watu, kauliza la maana. Mdogo wangu mi nimekaa Leeds mwaka na nusu kwa ajili ya shule, Leeds na Sheffield ni jirani kabisa, saa moja ya treni haifiki. Nilienda kama wewe, najua pilau na ugali basi, wiki tatu za kwanza nimekula chipsi za kununua mpaka nikahesabu nikaona nitarudi kwetu kwa miguu.

Anza na kotaji pai. Usiogope neno pai, wala hamna unga hapo. Ni mchuzi mzito wa nyama ya kusaga chini, viazi vya kuponda juu, unaingiza kwenye moto mpaka juu pashike rangi ya kahawia. Kotaji ni kile kijumba cha mtu wa shamba asiye na hela, kwahiyo jina lenyewe linakwambia chakula cha nani. Ikiwa nyama ni ya kondoo wanaita pai ya mchungaji, mchungaji wa kondoo jamani sio wa kanisani, mi siku ya kwanza nilidhani ni sadaka.

Kwa hapa fanya hivi, na usikurupuke. Nusu kilo ya nyama kwa bajeti yako haitoboi, chukua robo. Bucha nyingi za mtaani mashine ya kusaga hawana, we chukua steki ukaikatekate mwenyewe kwa kisu mpaka iwe ndogondogo kabisa, hata wao zamani walikuwa wanakatakata nyama iliyobaki ya jumapili. Kitunguu kimoja kikubwa na karoti mbili katakata vidogo, kaanga na mafuta kidogo kwa moto wa chini, tena kaa nacho hicho kitunguu dakika kumi nzima mpaka kilegee, Watanzania tuna haraka ya kuunguza kitunguu ndo maana mchuzi unakuwa mchungu. Tia nyama, iache ikauke maji yake mpaka usikie inalia kwenye sufuria, halafu nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, geuza, tia nyanya ya kopo kijiko kimoja cha chakula na maji kikombe na nusu. Hapo tupia na dengu zilizochemshwa au hata maharage ya jana, nyama inaongezeka na hakuna atakayejua. Acha ichemke taratibu nusu saa mpaka iwe nzito, ikiwa majimaji viazi vitazama.

Viazi kilo moja, menya, chemsha na CHUMVI (jibu la swali lako hilo, wanatia, kinachokosekana ni pilipili na tangawizi). Vikiiva mwaga maji yote halafu rudisha sufuria motoni dakika moja viazi vikaukie, utaona vinatoa mvuke na pembeni vinakuwa kama na unga unga. Hapo ndo ponda, kwa mchi au kitako cha chupa ya soda, na maziwa uliyoyachemsha, sio ya baridi, na siagi kijiko. Ukiponda vikiwa na maji unapata uji.

Pakua nyama kwenye sufuria pana, laza viazi juu, kwangua juu kwa uma ili pawe na mistari mistari, ile mistari ndo inayokauka inakuwa tamu. Oveni huna lakini bibi yako alikuwa anaoka mkate kwa kutumia nini? Makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Dakika 25. Kule kwenye oveni utaweka nyuzi 200, kama jiko ni la gesi lina namba badala ya nyuzi, hiyo ni namba 6.

Jiwe_Juu_Ya_Jiwe

Daah nilikuja kucheka saa hizi nina njaa.

Mzee_wa_Chaki

Wanangu, kabla hamjakicheka hicho chakula, nipeni dakika mbili. Nilifundisha historia miaka mingi na hili huwa linanifurahisha.

Waingereza vita vya pili vimewakuta wanakula vitu vya meli kutoka dunia nzima, Wajerumani wakawa wanazizamisha meli. Mgao wa chakula ukaanza Januari 1940 na haukuisha mpaka Julai 1954, yaani vita imeisha miaka tisa watu bado wanaonyesha kitabu cha mgao buchani. Nyama, sukari, siagi, chai, vyote kwa kipimo. Viazi ndo havikuwekwa kwenye mgao wakati wa vita. Samaki na chipsi navyo viliachwa huru. Kwahiyo mama wa kule alichokuwa nacho ni viazi, karoti na kabichi, akatoa humohumo. Waziri wao wa chakula, Lord Woolton, mpaka akapewa pai yake, pai haina nyama hata chembe, mboga tupu. Mtoto aliyekulia hapo unategemea apike na iliki?

Sasa sikilizeni linalotuhusu sisi. Mafuta ya kupikia yaliwapungukia hasa. Serikali yao ikaamua ilime karanga Tanganyika ili wapate mafuta, ndo ule mradi wa Kongwa, Nachingwea na hapo Urambo, Tabora, sio mbali na sisi. Ulianza kwa kishindo 1947, matrekta mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa, ardhi ya Kongwa ngumu kama saruji kiangazi, mvua ya kusuasua, 1951 wakanyoosha mikono. Mamilioni ya pauni yakaishia porini. Kwahiyo kijana ukiona kikaango cha Mwingereza kina mafuta kidogo, babu yake alikuwa anayangojea kutoka kwetu.

BintiMwaloni

Shikamoo Mzee wa Chaki. Hiyo ya karanga sikuwahi kuisikia ikisimuliwa hivyo.

Mkuu wa Mkolani, mi nafanya biashara ya samaki Kirumba pale mwaloni na nimewahi kupika kwa wazungu wa shirika moja miaka miwili (shirika silitaji, hela yangu ya mwezi wa mwisho mpaka leo sijaiona). Nikupe ya samaki maana unaishi kando ya ziwa halafu unanunua nyama buchani ni kama kuoga kwa soda.

Kuna pai ya samaki, ni ndugu wa hiyo ya Dada, viazi vya kuponda juu vilevile ila chini ni samaki kwenye sosi nyeupe. Wao wanatumia samaki wa baharini wenye nyama nyeupe. Minofu ya sangara ndo yenyewe kabisa lakini minofu inaenda viwandani ikapande ndege, kwa bajeti yako sahau. Njoo uchukue mapanki. Mapanki mabichi, yale mifupa iliyobaki baada ya kiwanda kutoa minofu, usidharau, kwenye kichwa na pembeni ya mgongo kuna nyama nyingi na ndo tamu. Chemsha dakika kumi na kitunguu na jani la bei, ipua, ikipoa chambua kwa vidole taratibu, rudia mara mbili maana mwiba wa sangara ukimkaa mtu kooni hiyo pai inaishia hospitali. Yale maji USIMWAGE, chuja.

Sosi nyeupe ndo inawashinda wengi. Siagi vijiko viwili iyeyuke, unga wa ngano vijiko viwili, koroga uive dakika mbili usibadilike rangi, halafu ipua kabisa pembeni. Ndo uanze kutia maziwa, kidogokidogo, kijiko kwanza, koroga mpaka liwe donge laini, tena kidogo, tena, ikishakuwa kama uji wa mtoto hapo unaweza kumwaga yaliyobaki pamoja na yale maji ya samaki. Maziwa kikombe, maji ya samaki kikombe. Rudisha motoni koroga mpaka izibe mgongo wa kijiko. Changanya samaki, yai la kuchemsha umelikata, chumvi, pilipili manga. Viazi juu, makaa juu, umemaliza.

Nyingine inaitwa kejeri, na hii utaipenda maana ni wali. Asili yake ni Wahindi, wana chakula chao cha mchele na dengu, Waingereza walipokuwa wanaitawala India wakakibeba kwao, wakatoa dengu wakaweka samaki wa moshi na mayai, wakawa wanakula asubuhi. Wali wako umeupika ukachambuka, kitunguu kwenye siagi na binzari ya manjano na unga wa kari kidogo, tupia wali, tupia samaki wa moshi aliyechambuliwa, mayai ya kuchemsha juu, ndimu. Chukua sangara wa moshi. Usije ukachukua kayabo ukadhani ni kilekile, kayabo ni wa chumvi na jua, utakunywa maji ya ziwa lote. Na wali upike siku hiyohiyo ule siku hiyohiyo, wali uliolala nje bila friji kwa joto letu unaharisha watu, hata ukiupasha.

Ustadhi_Igoma

Salaam aleikum. Nyongeza kwa ndugu yetu kama ni Muislamu, na hata kama si Muislamu ajue tu anakula nini. Soseji za Uingereza ukiona imeandikwa soseji tu bila maelezo, mara nyingi ni nguruwe. Kuna chakula chao kinaitwa kwa tafsiri "chura ndani ya shimo", hamna chura humo, ni soseji zimeokwa ndani ya rojo la unga, mayai na maziwa. Keki na pai za zamani zinatumia mafuta ya nguruwe kwenye unga, pudini zao za kuchemsha zinatumia mafuta ya kwenye figo za ng'ombe. Na wakikwambia "pudini nyeusi" hiyo ni damu. Soma pakti. Sheffield kuna Waislamu wengi na bucha za halali zipo, hautapata shida.

Lile rojo la chura ni zuri na rahisi kulikariri, kikombe cha unga, kikombe cha mayai, kikombe cha maziwa, kipimo kimoja kwa vyote vitatu, na chumvi. Likiokwa bila soseji kwenye mafuta ya moto sana linavimba kama puto, ndo pudini ya Yorkshire, na Sheffield iko huko huko Yorkshire kwahiyo utakutana nayo Jumapili na nyama ya kuoka na mchuzi mzito. Kwenye makaa sikushauri, nilijaribu mara mbili, halivimbi, unapata chapati nene yenye huzuni.

Mkolani_Kwetu

Wakuu nimerudi na ripoti ya jana. Wabeja sana wote, Dada na Binti hasa.

Kotaji pai nimepika. Robo kilo ya nyama, nikaongeza dengu. Kitunguu nilikaa nacho dakika kumi kweli mpaka mpishi wetu akaja kuchungulia akaniuliza unakibembeleza? Nyama ikatoka vizuri aisee, mchuzi mzito unang'aa. Viazi nikakausha kama nilivyoelekezwa, nikaponda kwa chupa, mkono umeuma mpaka leo.

Sasa balaa ni makaa. Sufuria niliyotumia ni pana lakini ndo ile isiyo na mfuniko, nikaazima mfuniko wa sufuria nyingine, mdogo kidogo, ukakaa kwa kuning'inia. Nimepanga makaa juu nikaona niko poa, dakika ya kumi na tano nikataka kuchungulia kama rangi imekuja, nikaushika kwa kitambaa upande mmoja, mfuniko ukapinduka. Makaa matatu na majivu yote PWAAA kwenye viazi. Tukakwangua juu tukala chini. Mshkaji mmoja kasema ina ladha ya mahindi ya kuchoma, sijui alikuwa ananifariji.

Swali, kuna njia nyingine ya kuoka bila kubeba moto kichwani?

Na swali la pili, Dada unasema nyanya ya kopo ila nimeangalia YouTube kila mzungu anatia sosi fulani nyeusi inaitwa Worcester sijui Worcestershire, hapa mjini nimeiona supamaketi moja bei yake unanunua kuku.

DadaWaNyegezi

Hahahaha pole mdogo wangu, unakibembeleza 😂

Njia nyingine ni mchanga. Tafuta sufuria kubwa nzee, weka mchanga mkavu chini kama vidole vitatu, au chumvi ya mawe, funika, washa moto upashe kama robo saa mpaka ukiweka mkono juu unasikia joto linapiga. Halafu ingiza sufuria ndogo yenye chakula chako iwe imekaa juu ya mchanga, funika kubwa, weka kitu kizito. Inachukua dakika 40 na juu hapapati rangi nzuri sana, lakini hamna majivu. Rangi ukiitaka sana pasha kikaango kitupu mpaka kiwe cha moto kweli, kishike juu ya viazi karibu bila kugusa. Au acha rangi, mmeshiba, nani anauliza.

Kuhusu sosi nyeusi, hiyo jifunze kitu. Ni ya mji wa Worcester, wauza dawa wawili Lea na Perrins walianza kuiuza 1837. Ukisoma nyuma ya chupa utakuta siki, sukari, chumvi, kitunguu, kitunguu saumu, halafu vitu viwili ambavyo sisi tunavyo vimejaa, ukwaju na vidagaa vya baharini vilivyovundikwa. Yaani fahari yote ile ni ukwaju na dagaa! Kwahiyo loweka ukwaju kidogo, kamua vijiko viwili, siki kijiko, sukari kijiko cha chai, na dagaa kama kumi wa Mwanza uwakaange wakauke uwasage wawe unga, tupia kwenye nyama inapochemka. Sio kilekile, lakini nyama inapata ule ukali wa chini kwa chini ambao mtu hajui unatoka wapi.

Sasa nikupe ya huko uendako maana hayo ya mkaa utayaacha hapa.

Mahali pa kulala wanafunzi kuna kengele za moshi. Mi wiki ya pili nilikaanga vitunguu vya pilau, unajua vitunguu vya pilau vinavyotaka kuwa vyeusi, mlango wa jikoni nimeuacha wazi, ikalia. Jengo zima, ghorofa nne, saa nne usiku, mwezi wa kumi, watu wako nje na pajama na mmoja kajifunga taulo, gari la zimamoto likaja, na mi nimeshika mwiko. Kwahiyo washa feni, funga mlango, na kukaanga kwenye mafuta mengi sehemu nyingi hawaruhusu, soma karatasi ya masharti.

Maduka makubwa kila moja lina bidhaa zake za jina la duka lenyewe, pakti haina urembo, bei ni ya chini. Jioni jioni wanabandika stika za njano kwenye vitu vinavyoisha muda siku hiyo, mkate, nyama, mboga, bei inashuka sana, hapo mi ndo nilikuwa napata nyama ya kusaga nagawa mafungu naweka friza. Ila Jumapili kule England maduka makubwa yanafunguliwa masaa sita tu, usijesema utaenda usiku.

Siku ukiwa umechoka, kiazi kikubwa na ganda lake, wanaita jaketi poteto, kiazi kilichovaa koti. Toboa toboa kwa uma (usipotoboa kinapasuka ndani ya maikrowevu na utafuta wewe), dakika kama kumi, gawanya, siagi, juu mwagia maharage ya kopo. Maharage yao ni yale madogo meupe kwenye sosi ya nyanya yenye sukari, utashangaa mwanzoni, mi nilikuwa naongeza pilipili na kitunguu. Yalifika kule kutoka Marekani mwaka 1886, ya Heinz, yakiuzwa duka la wenye pesa London, leo ndo chakula cha mwanafunzi asiye na kitu. Maharage hayohayo juu ya mkate uliochomwa ni mlo kamili, usione aibu. Hapa jizoeze kwa maharage ya jana na slesi mbili za boflo, na kiazi fukia kwenye majivu kama tulivyofanya utotoni.

Na hii nimalizie. Kaskazini kule, Sheffield, Leeds, mtu akikwambia njoo kwetu kwa chai, kwa neno lao la chai kabisa, jioni saa kumi na mbili, anamaanisha chakula cha usiku. Mi niliitwa na mama mmoja wa kanisani, nikajua ni chai na kipande cha keki, nikala kabisa ugali nyumbani nikashiba. Nafika nakuta meza ina nyama ya kuoka, viazi vya aina mbili, kabichi, mchuzi, na bakuli la pudini la kufungia. Nilikula vyote. Nilirudi kwa basi nimekaa upandeupande.

Jiwe_Juu_Ya_Jiwe

Hapo kwenye upandeupande nimekuona kabisa dada.

BintiMwaloni

Mkolani ukija mwaloni njoo asubuhi, saa mbili mapanki mazuri yameshaondoka. Uliza kwa wakinamama upande wa kukaangia, usinunue la kwanza unaloonyeshwa, angalia shavu ndani liwe jekundu.

Na kuoka, mbona mnajitesa, pai ya samaki kila kitu ndani kimeshaiva, pakua tu kwenye sahani, viazi juu, ule. Rangi ya kahawia ni mapambo.

Ustadhi_Igoma

Rangi ya kahawia si mapambo dada yangu, ndo utamu wenyewe wa kiazi.

Mkolani_Kwetu

Ripoti ya mwisho kwa wiki hii. Ijumaa nimefika Kirumba saa moja kasoro, nimepata mapanki matatu makubwa, kuchambua nimetumia saa nzima na redio. Sosi nyeupe ya kwanza ilikuwa madonge matupu kwa sababu nilimwaga maziwa yote kwa mkupuo (sikusoma vizuri, nilijua najua), nikaichuja kwenye kichujio cha chai ikabaki nusu, nikaanza upya na ya pili ikatoka, inaziba mgongo wa kijiko kama ilivyoandikwa. Njia ya mchanga imefanya kazi, mchanga nimechota kwa fundi anayejenga jirani, nikauchekecha nikaukausha juani. Rangi haikuja sana, kikaango cha moto kilisaidia katikati tu. Samaki na lile maji yake kwenye sosi aisee, hamna mtu aliyeongea mpaka sufuria ikaisha. Mwiba mmoja tu umepatikana, kaupata mpishi.

Viazi vilivyobaki asubuhi nikavichanganya na kabichi ya jana nikakandamiza kwenye kikaango na mafuta kidogo, YouTube wanasema nao wanakula hivyo na jina lake, bubble and squeak, limetokana na mlio wake kikaangoni, kinachemka na kulia. Ni kweli kinalia, nimekisikiliza.

Mpishi wetu kasema kuanzia Jumatatu zamu ya kupika ni kwa mzunguko, na yeye ataosha vyombo. Sasa kuna mtu ana uhakika yale maharage meupe madogo yanapatikana soko gani hapa mjini?

Mzee_wa_Chaki

Soko kuu, wakina mama wa nafaka, waambie unataka maharage meupe madogo. Yaloweke usiku kucha, na chumvi tia mwishoni.